Wapenzi wa Majoka, Jaribuni Warusi Lakini Mjichunge

Mimi ni mtu wa majoka. Nimesoma Harry Potter vyote saba, nikasoma vile vya Game of Thrones hadi pale George R.R. Martin alipotuacha tukingoja. Kusadikika cha Shaaban Robert, ile nchi inayoelea hewani, nimekirudia mara tatu. Kwa hivyo msee akikwambia riwaya ndefu za Kirusi ni za maprofesa tu, mpuuze kwanza.

Sisi wa majoka tuna mazoezi tayari. Vita na Amani ya Tolstoy ina wahusika zaidi ya 500, lakini aliyekariri koo zote za Westeros hatishwi na hilo. Hata majina si shida kubwa. Mrusi ana jina lake, jina la baba na jina la ukoo, halafu nyumbani anaitwa kwa kifupi. Huku Illasit hilo si geni: mzee mmoja ni "ole" fulani kwenye kitambulisho, Baba Nashipae kwa majirani, na sokoni ana jina lingine kabisa.

Lakini kama unasoma ili utoroke, jichunge. Tolstoy husimamisha hadithi akakufundisha historia kurasa nzima. Na hakuna mchawi atakayekuja kumwokoa mtu. Ukitaka uchawi, kuna The Master and Margarita cha Bulgakov, ambamo shetani anatua Moscow na paka mkubwa anayeongea. Hicho ni noma.

Kilichonikamata mimi ni Crime and Punishment cha Dostoevsky, cha mwaka 1866. Raskolnikov ameacha chuo kwa kukosa pesa. Anashuka ngazi akinyata asionwe na mama mwenye nyumba, maana ana deni la kodi. Mamake anamtumia pesa kutoka kwao. Naye kichwani ameamua kwamba kuna watu wa kawaida na kuna watu maalum, na sheria haziwabani hao maalum. Kisha anachukua shoka.

Hapo niliweka simu chini. Vitabu vyangu vya majoka vimejaa vijana walioteuliwa kuokoa dunia, na kila mara nilijiona ni mimi. Dostoevsky ndiye aliyeniuliza: na kama hukuteuliwa?

Nilikisomea Kitengela, kwa simu, bure, kwa sababu hakimiliki yake iliisha zamani. Nilikuwa nimeacha chuo miezi minane kwa ajili ya karo, na mama hakujua. Alikuwa akiuza vitunguu hapa Illasit na kunitumia pesa kila mwezi. Nilijiambia darasa ni la watu wa kawaida, blogu italipa. Sikuua mtu, lakini ile hesabu ya kwamba wengine wabebe gharama ya ukubwa wako niliijua vizuri.

Nilipomaliza nilipanda matatu hadi Emali, nikaunganisha hadi nyumbani, nikamwambia.

"Sasa zile pesa zote, mwanangu, zilikuwa za nini?"

"Kodi, mama. Na bando."

Akaendelea kupanga vitunguu. Nikakaa chini nikamsaidia.

Wasomeni Warusi. Anzeni na Raskolnikov, Tolstoy atangoja. Na kama kuna mtu nyumbani anakutumia pesa ya chuo ulichoacha, mpigie kabla hujafika ukurasa wa mwisho.