Tupime kwanza, ndipo tukate chasisi

Mkulima au mfanyabiashara mdogo anahitaji gari lenye kazi mbili. Siku ya soko libebe magunia, siku ya palizi libebe vibarua, na usiku akipatikana mgonjwa kijijini, limfikishe hospitali. Ndiyo maana pikapu ya milango minne, maarufu kama dabo kebini, inatafutwa sana na bei yake haishikiki kirahisi.

Kutokana na hali hiyo limezuka wazo linalozungumzwa katika gereji nyingi. Unanunua bodi ya dabo kebini kutoka gari lililokufa injini, kisha unaifunga juu ya chasisi ya fowili nyingine iliyo nzima. Kwa mfano, bodi ya Hilux juu ya chasisi ya Land Cruiser. Mwenye gari anategemea kupata nguvu ya gari kubwa na nafasi ya watu watano, kwa gharama nafuu.

Hatuna nia ya kulipinga wazo hilo wala kuwakatisha tamaa mafundi wetu. Mjini Arusha wapo mafundi waliozoea kurefusha Land Cruiser na kuzifanya za kubebea watalii. Hata kiwandani wazo la dabo kebini yenye chasisi nzito limekubalika, kwani mwaka 2012 Toyota ilianza kuuza nchini Australia Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye pikapu ya milango minne. Tunachosema ni kwamba kazi hii si ya kukadiria kwa macho.

Jambo la kwanza ni vipimo. Hilux dabo kebini za miaka ya 1990 zina milimita 2,850 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, sawa na Land Cruiser ya mfululizo wa 80. Lakini Hilux zilizoanza kutoka mwaka 2004 zina milimita 3,085, wakati pikapu ya Land Cruiser mfululizo wa 75 ina milimita 2,980. Tofauti hiyo ya sentimita kumi na nusu inatosha kuufanya mdomo wa tairi la nyuma usikae mahali pake. Na hata pale vipimo vya ekseli vinapolingana, matundu ya bolti za bodi, mkao wa usukani, breki na rejeta huwa havilingani.

Fundi mwenye haraka hutatua hilo kwa kuchomelea bodi moja kwa moja kwenye chasisi. Hilo ni kosa. Bodi hukalia raba kwa sababu chasisi hujipinda gari linapopita kwenye makorongo. Kwa sababu hiyo hiyo kebini hutenganishwa na sehemu ya mzigo. Ukiviunganisha vyote kuwa kitu kimoja, nyufa zitaanzia kwenye pembe za milango na kioo cha mbele. Mikono ya kushikia bodi itengenezwe upya, ifungwe kwa bolti na raba zake. Chasisi ikilazimika kukatwa, ujue kwamba propela, mabomba ya breki na waya wa hendibreki navyo vitaguswa.

Jambo la pili, ambalo wengi hawalifikirii, ni mzigo. Kebini ya milango minne ni ndefu, hivyo husukuma sehemu ya mzigo nyuma. Chukulia kilo 500 za mahindi ambazo katikati yake ipo sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari lenye mita 2.98 kati ya ekseli. Ekseli ya nyuma itabeba kilo 600, na ile ya mbele itapunguziwa kilo 100. Matokeo yake usukani unakuwa mwepesi na matairi ya mbele hayashiki vizuri barabara, hasa kwenye mlima au utelezi. Mwenye gari ataona limebeba vizuri, kumbe dereva wake anahangaika. Heri sehemu ya mzigo iwe fupi, mzigo ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo.

Jambo la tatu ni karatasi. Gari hutambulika kwa namba ya chasisi, na kadi huonyesha pia aina ya bodi. Bodi iliyotoka gari jingine huweza kuja na kibati chenye namba nyingine. Askari wa usalama barabarani akiona namba mbili katika gari moja ana haki ya kuuliza. Basi mnunuzi adai hati ya mauziano na nakala ya kadi ya gari ilikotoka bodi, na mabadiliko yapelekwe Mamlaka ya Mapato ili kadi irekebishwe. Kampuni ya bima nayo ielezwe kabla, kwa sababu ikigundua mabadiliko baada ya ajali inaweza kukataa kulipa. Kwa mtu mwenye gari moja tu, hapo biashara imekwisha.

Tunatoa wito pia kwa wahusika. Australia wana mwongozo wa kitaifa wa kurekebisha magari, unaojulikana kama VSB 14, na kazi nzito za aina hii hupitiwa na mhandisi kabla gari halijarudi barabarani. Hapa kwetu wakaguzi wa magari wa polisi, Shirika la Viwango na vyuo vya VETA wanaweza kukaa pamoja na mafundi wazoefu wakaandaa kijitabu kifupi cha Kiswahili kwa ajili ya gereji za wilayani. Kuwaacha mafundi wabahatishe, kisha kukamata magari yao barabarani, hakumsaidii mtu.

Kwa msomaji wetu anayefikiria kazi hii, ushauri wetu ni mfupi. Piga hesabu ya gharama zote kabla ya kununua bodi, yaani bodi, fundi, nyaya za umeme, mabomba ya breki, rangi, ukaguzi na kadi. Ikiwa jumla inakaribia bei ya dabo kebini iliyotumika, nunua hiyo. Ikiwa bado kuna nafuu, endelea, lakini gari lisibebe mtu hata mmoja kabla breki na usukani havijajaribiwa likiwa tupu na likiwa na mzigo. Vibarua wanaopanda nyuma alfajiri hawana namna ya kujua chasisi imeungwa vipi. Mwenye gari ndiye mwenye wajibu wa kujua.