Mtoto aulizapo: "Tumevuna wapi?"

Ndugu msomaji, leo sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe.

Jumamosi moja jioni nilirudi kutoka soko la Buguruni na kikapu mkononi. Ndani yake mlikuwa na kilo moja ya mchele, mahindi mabichi manne, nanasi moja na chane ya ndizi. Kesho yake kanisani petu ilikuwa Sikukuu ya Mavuno, na kila familia ilitakiwa kupeleka mazao. Niliyapanga vizuri, nikayafunika kwa kitambaa cheupe, nikamwambia mwanangu wa miaka saba kwamba yeye ndiye atakayekibeba kikapu hadi mbele. Alifurahi sana. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza: "Mama, haya tumeyavuna wapi?"

Nilimjibu kwamba maji ya kuoga yanapoa. Wazazi wenzangu mnalifahamu jibu la namna hiyo. Ndilo tulitumialo pale ambapo hatuna jibu.

Asubuhi tulikwenda, kikapu kikapokelewa, na baada ya ibada mazao yakanadiwa kama ilivyo desturi. Nanasi letu lilinunuliwa kwa bei iliyozidi mara tatu ile niliyolinunulia, nasi tukarudi nyumbani tumeridhika. Tulimkuta binti anayetusaidia kazi, ambaye watoto humwita dada, amekwisha kupakua wali. Yeye hakwenda kanisani siku hiyo, kwa kuwa ilibidi mtu abaki apike.

Usiku, nilipokuwa nikipita karibu na mlango wa jikoni, nilimsikia mwanangu akimwuliza dada swali lile lile. Naye alikuwa akimjibu, tena kwa utulivu. Alimsimulia habari za kwao, Nyanda za Juu Kusini: jinsi mahindi yanavyoachwa yakauke shambani hadi majani yake yanalia kama karatasi upepo ukipita; jinsi watu wanavyoyavunja na kuyabeba kichwani; jinsi wanavyoyapukuchua mpaka vidole vinafanya malengelenge. Alimweleza pia jinsi bibi yake alivyokuwa akichagua mahindi yaliyo mazuri kuliko yote, akayatundika juu ya moto wa jikoni yapate moshi, yasibunguliwe, yawe mbegu ya mwaka ujao. Mwanangu hakutaka kwenda kulala.

Basi katika nyumba yetu nzima alikuwamo mtu mmoja tu aliyepata kuvuna, na huyo ndiye tuliyemwacha nyumbani siku ya mavuno.

Jambo hili lilinikera, nikaona nirudi katika Biblia nitazame sikukuu yenyewe ilikuwa nini hapo mwanzo, kabla sijathubutu kumfundisha mtoto lolote. Waisraeli wa kale walikuwa wakulima na wafugaji, na kalenda ya ibada yao ilikwenda sambamba na kalenda ya shamba. Pasaka iliangukia wakati wa kuvuna shayiri. Siku 50 baadaye ilikuja Sikukuu ya Majuma, wakati wa ngano. Kisha, siku ya 15 ya mwezi wa saba, nafaka ikiwa imekwisha kupurwa na zabibu zimekwisha kukamuliwa, ilikuja sikukuu kubwa ya kukusanya mavuno yote, ambayo ilidumu siku saba. Hiyo ndiyo iitwayo Sikukuu ya Vibanda, nayo huadhimishwa na Wayahudi hadi leo, kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba.

Litazame jina hilo, ndugu msomaji. Ghala zimejaa na kila mtu anayo sababu ya kuketi sebuleni kwake akajisifu. Wakati huo huo ndipo watu wanapoamriwa watoke katika nyumba zao wakakae katika vibanda vya matawi. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 23, kinatoa sababu: vizazi vitakavyokuja vipate kujua kwamba wazee wao walikaa vibandani walipotolewa Misri. Aliyeshiba anakumbushwa siku ambazo hakuwa hata na paa. Na anayelengwa hasa ni mtoto, kwani baba aliyatembea mwenyewe hayo majangwa au aliyasikia kwa aliyeyatembea, bali mtoto amezaliwa chakula kikiwa mezani.

Tena mtoto huyo hakufundishwa kwa hotuba. Katika Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa karibu na mwaka 200, imeelezwa kwamba paa la kibanda liwe la vitu vilivyoota ardhini na kukatwa, na kivuli chake kizidi jua. Desturi ikawa kuacha upenyo ili usiku nyota zionekane. Mtoto asiyemhitaji tena mama yake kila saa alipaswa kukaa humo pamoja na wakubwa. Mzee mmoja mashuhuri, Shammai, aliona hata umri huo ni mkubwa mno. Mkwewe alipojifungua wakati wa sikukuu, mzee alibomoa sehemu ya dari, akatandaza matawi juu ya kitanda, ili mjukuu aliyezaliwa siku hizo naye awe amelala kibandani! Sisemi tukabomoe dari za watu tulikopanga. Lakini babu huyo alijua kuwa mambo mengine huingia kwa mtoto kupitia ngozi kabla ya kupitia masikio.

Watoto walipewa pia kazi ya mikono. Kila mtu alishika kuti changa la mtende pamoja na matawi ya mhadasi na ya mti uotao kando ya maji, na tunda moja la jamii ya ndimu, kubwa, lenye ganda nene na harufu nzuri. Aliyeweza kulitikisa kuti sawasawa alipewa la kwake. Na Mishna haikuona haya kuandika kuwa siku ya saba, mara ibada ilipokwisha, watoto waliyatupa makuti na kuyala matunda yao. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Watoto ni wale wale.

Wale miongoni mwetu waliokulia Kilombero au Rufiji hawatakuwa wageni wa vibanda hivi. Wanalijua dungu, wanajua maana ya mtoto kukaa juu yake tangu alfajiri akiamia ndege wasiumalize mpunga. Nabii Isaya naye anakitaja kibanda cha mlinzi katika shamba la mizabibu na katika shamba la matango. Kwa hiyo mzazi aliyepata kuamia ndege anayo sehemu kubwa ya somo tayari, wala hahitaji kuazima kitabu. Anachohitaji ni kuacha kuona haya kuyasema hayo mbele ya watoto wake wa mjini.

Sasa nirudi kwenye kikapu, maana ndicho kilichonitia aibu.

Israeli ya kale ilikuwa na kikapu chake, cha malimbuko, ambacho kilipelekwa Yerusalemu kuanzia Sikukuu ya Majuma hadi ile ya Vibanda. Mishna inaeleza safari yake tangu shambani. Mkulima alikwenda kutazama miti yake, na alipoiona tini ya kwanza kuiva, au kichala cha kwanza cha zabibu, alikifunga kwa ukindu ili kijulikane kuwa ni limbuko. Wakati ulipowadia, watu wa wilaya moja walikusanyika katika mji mmoja, wakalala uwanjani, na alfajiri wakaondoka pamoja. Mbele yao alitembea ng'ombe dume mwenye pembe zilizopakwa dhahabu na taji la majani ya mzeituni, na zumari ikalia njia nzima.

Walipoingia Yerusalemu, mafundi wa mji waliacha vyombo vyao, wakasimama wima, wakawaamkia wageni kwa kuwaita ndugu na kuwataja kwa kijiji chao. Wanachuoni wa baadaye walieleza kwamba fundi aliye kazini hakulazimika kumsimamia hata mwalimu mkubwa apitaye. Kwa mkulima mwenye kikapu, alisimama. Ningependa sisi wafanyakazi wa mijini tulisome hilo mara mbili. Na hata mfalme Agripa, zamu yake ilipofika, alikibeba kikapu begani mwake mpaka ndani ya ua wa Hekalu.

Kisha mwenye kikapu alisema. Maneno yenyewe yamo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26. Hayasifu shamba wala jembe. Ni hadithi ya ukoo: jinsi babu alivyokuwa mtu wa kutangatanga, akashuka Misri na watu wachache, jinsi walivyotumikishwa, jinsi walivyotolewa, na jinsi tunda hili lilivyopatikana katika nchi waliyopewa. Waliojua kusoma waliyasema wenyewe. Wasiojua walisomewa wakafuatiza. Lakini ikaonekana kwamba hao wasiojua waliingiwa na aibu, wakaacha kuleta malimbuko. Ndipo ikaamriwa kwamba wote, ajuaye na asiyejua, wasomewe na kufuatiza. Hakuna aliyejulikana tena kuwa hakusoma. Kwa maoni yangu hilo ni jambo zuri kuliko zile pembe za dhahabu.

Na orodha ya waalikwa? Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, inawataja mmoja mmoja wanaopaswa kufurahi katika Sikukuu ya Vibanda: wewe, mwanao, binti yako, mtumishi wako wa kiume, mtumishi wako wa kike, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Nilipofika kwa mtumishi wa kike nilifunga kitabu kwa muda. Kitabu hicho hicho, sura ya 24, kinataka kibarua maskini alipwe ujira wake siku ile ile, kabla jua halijatua. Wako wanaoimba nyimbo za mavuno kwa sauti kubwa ilhali wana deni la miezi miwili kwa binti aliyewafulia nguo walizovaa.

Sheria ya kuacha pembe za shamba bila kuvunwa, ili maskini na mgeni waokote masazo, imewekwa katikati kabisa ya kalenda ya sikukuu, katika sura ile ile ya 23 ya Walawi. Ndiyo iliyompa Ruthu, mjane na mgeni, nafasi ya kuingia shamba la Boazi bila kuitwa mwizi. Hadithi hiyo msimulieni mtoto yote, kwa siku tatu au nne, maana ni tamu. Ina njaa, ina safari, ina mkwe na mama mkwe wanaopendana, jambo ambalo si la kila siku.

Yamkini msomaji Mwislamu anauliza haya yanamhusu nini. Naye anayo zaka ya mazao: sehemu moja katika kumi kwa shamba la mvua, na nusu ya hiyo kwa shamba linalomwagiliwa kwa gharama. Watoto wanaocheza ua mmoja wanaweza kabisa kuulizana kwao hufanywaje.

Mwaka uliofuata, masika ilipoanza, dada na mwanangu walitoboa matundu chini ya madebe matatu yaliyochakaa, wakajaza udongo, wakapanda mahindi nyuma ya nyumba. Kuku wa jirani alilimaliza debe la kwanza. Mawili yaliyosalia yalizaa hindi moja moja, na la kwanza kutoa ndevu mtoto alilifunga uzi mwekundu, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kumsimulia habari za tini. Tulifunga pia makuti manne uani, tukayaegemeza ukutani. Wapangaji wenzetu walidhani tunafuga bata. Jioni tulikula humo, na niliwaambia watoto kwa mara ya kwanza jinsi babu yao alivyoingia mji huu na sanduku la bati na shati moja, akalala miezi minne barazani kwa mtu wa kijijini kwao. Sikujua kwamba nilikuwa nimewanyima hadithi hiyo muda wote huo. Kijana wetu mkubwa aliuliza kama mtu huyo wa barazani bado yu hai, na kama tuliwahi kumpelekea chochote. Swali hilo nalo bado nalitafutia jibu.

Sikukuu ilipofika, kikapu nilimwachia dada akipange. Nanasi alilitoa. Tulikwenda sote, yeye amevaa kitenge chake kipya, na wali tuliukuta mbichi tuliporudi, tukala saa kumi. Hindi lenye uzi mwekundu lilikwenda mbele. Lile la pili, lenye mapengo ya punje, dada alilitundika juu ya jiko letu la mkaa. Nilimwambia kwamba mkaa hauna moshi wa kutosha. Aliniambia, "Mama, wewe liache hapo hapo," na mwanangu akaniangalia kama mtu asiyejua kitu.