TAMKO LA TAWI: MIZANI YA FIFA IWE MOJA



Tumeulizwa sana, barzani na humu kwenye kundi, Tawi lina msimamo gani kuhusu nchi zilizo vitani kuendelea kucheza mashindano ya kimataifa. Tunajibu.

Tarehe 24 Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Tarehe 28, siku nne tu, FIFA na UEFA wakazifungia timu zake zote. Hatukulalamika. Lakini Mei 2024, Gaza ikiwa kifusi, Palestina ilipeleka shauri lake dhidi ya Israel kwenye mkutano mkuu wa FIFA kule Bangkok, ikaambiwa wanasheria walitazame kwanza. Shauri likapigwa kalenda, likapigwa tena, na Israel ikacheza mechi za kufuzu Kombe la Dunia kama kawaida.

Wapo vijana wetu wanaosema siasa isiingizwe michezoni, mchezaji hakurusha bomu. Hoja hiyo ni nzito, na nchi hii inaujua uzito wake. Mwaka 1976, damu ya watoto wa Soweto haijakauka, New Zealand ilipeleka timu yake ya ragbi kwa Makaburu na bado ikakaribishwa Olimpiki ya Montreal. Tanzania ikajitoa. Filbert Bayi, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1500 tangu 1974, akabaki nje. Dhahabu ya mbio hizo ikachukuliwa na John Walker, wa New Zealand hiyo hiyo. Bayi hakupata tena dhahabu ya Olimpiki. Alipata fedha Moscow 1980, mbio za kuruka viunzi na maji. Mtu mmoja alilipa kwa niaba yetu sote.

Ndiyo maana tunasema adhabu ianze na bendera, wimbo wa taifa na shirikisho. Paris 2024 Warusi wachache walishindana bila bendera. Kwenye mpira ni vigumu zaidi, maana timu ya taifa bila taifa si timu.

Na mizani isiishie mbali. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti wanajeshi wa Rwanda kuwa pamoja na M23 huko Kongo. Kigali inakanusha, lakini ripoti zipo. Goma ilitekwa Januari 2025. Septemba yake Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza Afrika, na wengi wetu tukafurahi tu. Anayeilaumu FIFA kwa Gaza alisemee na hilo.

Sisi Zanzibar hatuna kura FIFA. Hata CAF walitupa uanachama Machi 2017, wakatunyang'anya Julai. Sauti yetu inapita TFF. Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa ZFF waiandikie TFF rasmi, waulize: shauri hili likirudi mezani, mjumbe wa Tanzania atasema nini? Jibu litakalokuja tutalisoma mbele ya wanachama.

Imetolewa na Kamati ya Tawi,
Mji Mkongwe, Unguja.
Mpelekee na mwenzako.