Kiti Si Mali ya Chama

Katika baraza moja la kahawa, Kariakoo, ambalo nimelizoea kiasi cha kujua ni kikombe kipi kina ufa, nilimsikia mzee mmoja akitoa hukumu juu ya mbunge aliyekuwa ameipinga, siku ile ile, bajeti ya serikali ya chama chake mwenyewe. "Chama kimemwokota, kikamvisha, kikampa kiti," alisema, akitafuna kashata taratibu kama kadhi aliyekwisha kuandika hukumu yake, "leo anakitemea mate. Kikulacho ki nguoni mwako." Waliokuwapo wakaitikia, hata wale wasiokuwa na kadi ya chama chochote, na muuza kahawa akagonganisha vikombe vyake kana kwamba anaitia hukumu ile muhuri. Nilikuwa nimempa shikamoo muda mfupi nyuma, na kumkatiza mzee uliyetoka kumwamkia si adabu. Basi nilinyamaza nikanywa yangu, na hoja niliyoimeza siku ile ndiyo ninayoitoa sasa.

Dhana ya mzee yule si yake peke yake. Imeenea barazani, redioni na hata katika vinywa vya wasomi, kwamba kiti cha mbunge ni mali ya chama, kwamba mbunge ni mpangaji katika nyumba ya tajiri wake, na kwamba upinzani ukitoka nje ya chama ni siasa lakini ukitoka ndani yake ni uhaini. Wanaoitetea dhana hiyo aghlabu hukimbilia methali ya mabaharia, kwamba nahodha wengi chombo huenda mrama. Methali ni ya kweli, ila imesemwa juu ya manahodha. Jahazi linapokaribia miamba, nahodha aliyekaa tezi hawezi kuyaona yaliyo mbele chini ya maji, hivyo humweka mtu omo, bildi mkononi, apime kina na kupaza sauti. Na sauti ile, hata ikimkera nahodha aliyekwisha kuichagua njia yake, haijapata kuitwa uasi na baharia yeyote mwenye akili timamu.

Tazama yaliyotukia Nairobi mwaka 1975. Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa mwezi Machi. Bunge likaunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, na taarifa yake ilipoletwa mwezi Juni, serikali ikataka isikubaliwe. Ukumbini hakuwamo mpinzani hata mmoja kwa jina, maana chama kilikuwa kimoja tu, KANU. Walakini wengi waliikubali taarifa ile, na miongoni mwao waziri, Masinde Muliro, pamoja na mawaziri wasaidizi wawili, Peter Kibisu na John Keen, ambao wote watatu waliondolewa katika nyadhifa zao. Mwezi Oktoba, Martin Shikuku akasema kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokwisha kuiua KANU. Alipotakiwa athibitishe, Jean-Marie Seroney, aliyekuwa kitini kwa nafasi yake ya Naibu Spika, akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Askari waliwakamata wote wawili ndani ya majengo ya Bunge, na wakakaa kizuizini bila ya kushtakiwa hata mwaka 1978. Nauliza, kwa insafu kabisa: katika chama kile, ni nani aliyekuwa mwaminifu kwa KANU, yule aliyesema kwamba inakufa, au waliokaa kimya wakiutazama ugonjwa ukizidi, kila mmoja akikilinda kiti chake?

Kwetu nasi upo mfano ambao hata mzee wa Kariakoo angeukumbuka. Februari 2008 iliposomwa Dodoma taarifa ya kamati teule juu ya mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, aliyeisoma alikuwa Harrison Mwakyembe, mbunge wa CCM, na aliyeguswa nayo zaidi alikuwa Waziri Mkuu wa CCM, Edward Lowassa, ambaye alijiuzulu na Baraza la Mawaziri likavunjika. Laiti Mwakyembe angeishika itikadi ya barazani, angeikunja taarifa ile mfukoni akarudi jimboni kusalimia. Chama hakikufa kwa taarifa ile, seuze nchi.

Najua nitajibiwa kwa mwaka 1993, na jibu hilo ni zito. Wabunge 55 wa CCM, waliokuja kuitwa G55, walileta hoja ya kutaka serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, jambo lililopingana waziwazi na sera ya chama chao ya serikali mbili. Mwalimu Nyerere aliikataa hoja hiyo kwa nguvu zake zote, akaandika kitabu juu yake, na mimi sijifanyi kwamba alikosea katika kila alilolisema. Mtu aliyechaguliwa kwa ilani fulani ana deni kwa ilani hiyo, na asiyeliona deni lake si shujaa. Lakini ukikisoma kitabu kile utaona kwamba moto wake mkali zaidi haukuwaelekea wale 55, uliwaelekea viongozi walioikubali hoja bila ya kuiamini, kwa kuogopa fadhaa ya ukumbini. Hoja ilipitishwa, mwaka uliofuata ikatenguliwa, Muungano ukabaki, na mwaka 1995 CCM ikashinda uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudi. Lililokuwa limefichwa katika minong'ono lilisemwa mchana, likajibiwa mchana. Hasara ya uasi ule iko wapi?

Hasara iko mahali pengine, nayo imeandikwa katika sheria. Katiba yetu haimruhusu mtu kugombea ubunge pasi na chama, na uanachama ukikoma, ubunge nao hukoma. Hivyo kamati ya watu wachache inaweza, kwa kikao kimoja, kukifuta kilichoandikwa na makumi ya maelfu ya wapiga kura. Oktoba 1968 TANU iliwafukuza wabunge kadhaa, na kadi ilipoondoka viti vikaifuata. Mtu asidhani kwamba hiyo ni tabia ya chama tawala peke yake, maana vyama vinavyolia usiku na mchana juu ya demokrasia vimeitumia silaha ileile bila ya haya: Chadema ilimvua Zitto Kabwe nyadhifa zake mwaka 2013, na mwaka 2015 akautoka uanachama na ubunge kwa pamoja, nayo CUF, katika ugomvi wa pande zake mbili, iliwafukuza wabunge wanane wa viti maalumu mwaka 2017. Ndiyo maana Spika akisema wanaoafiki waseme ndiyo, ile "ndiyooo" inayofuatana na makofi ya meza hutoka kwa pamoja kama itikio la kasida, na ukisikiliza sana huwezi kutambua ni nani aliyekwisha kuusoma muswada na nani hajaufungua.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba sheria hiyo haimzuii msaliti wa kweli hata kidogo. Mbunge anayebaki chamani akapiga kura kwa dhamiri yake hupoteza kila kitu. Anayekihama chama kwa sababu anazozijua mwenyewe hupokewa kwa ngoma, akateuliwa na chama kipya kugombea kiti kilekile alichokiacha jana. Tuliyaona hayo Kinondoni na Siha mwaka 2018, ambako wabunge waliojiuzulu kutoka CUF na Chadema walirudi bungeni kwa tiketi ya CCM, fedha ya uchaguzi mdogo ikitoka katika hazina ya umma. Kinondoni ililipa zaidi ya fedha: siku moja kabla ya kura, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa ameketi ndani ya daladala aliuawa kwa risasi wakati polisi wakitawanya maandamano ya wafuasi wa upinzani. Hakuwa mgombea wa kitu chochote.

Husemwa kwamba nidhamu hii ya mnadhimu na wabunge wake tumeirithi kwa Waingereza. Hasha. Septemba 2019, wabunge 21 wa chama cha Conservative walipopiga kura dhidi ya Boris Johnson, akiwamo Nicholas Soames, mjukuu wa Churchill, walitolewa katika kundi la wabunge wa chama; lakini kesho yake kila mmoja aliketi bungeni kama mbunge wa jimbo lake, na kumi kati yao wakarudishwa chamani kabla ya Oktoba kwisha. Chama kilitwaa kilicho chake, kikaacha kisicho chake. Nami sidai zaidi ya hapo: chama kimnyang'anye mwasi cheo, kimtoe katika kamati, kimkate jina mwaka wa uchaguzi kikipenda, ila kiti kimwachie hadi waliompa watakaposema.

Mwaka 1994, kwa kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Lugakingira aliamua Dodoma kwamba mwananchi ana haki ya kugombea bila ya chama, na Katiba ikabadilishwa ili hukumu ile isifanye kazi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge kuliamua. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako papa hapa Arusha, ikaamua kwamba haki ya Mtikila ilivunjwa. Mtikila alifariki mwaka 2015, na uchaguzi wa Oktoba 2025 ulifanyika huku kila aliyeutaka ubunge akitakiwa, kwanza kabisa, awe na kadi.