Mwizi wa umeme alikuwa juu ya bati

Kila mwezi nakaa kwenye ukurasa huu nikikushauri jinsi ya kuishi na mwenzi wako na ndugu zake, utadhani nina digrii ya ndoa. Basi mwezi huu ni zamu yangu kunyolewa, wewe tia maji.

Nyumbani kwetu ni Chonyonyo, huku Karagwe. Mimi nafundisha sekondari, mzee wangu yuko kwenye mambo ya kahawa, kila asubuhi pikipiki na barabara ya Kayanga. Nguzo za umeme zimepita mbali na sisi, kwa hiyo mwaka wa pili wa ndoa tulijibana, tukafunga sola: paneli 4 juu ya bati, betri na inveta ndani. Raha ilioje! Taa, televisheni, friji dogo, simu zimejaa chaji. Miaka miwili hatukuwa na la kulalamika.

Halafu akaja wifi. Mdogo wake mume wangu, si ile wifi ya intaneti, tuelewane. Amemaliza chuo, anasubiri ajira, akaomba akae kwetu kidogo. Binti mcheshi, mkono wake jikoni si mchezo, ila anapenda tamthilia huyo!

Mwezi haujaisha, umeme ukaanza kukata saa 4 usiku. Mara saa 3. Mara saa 2. Usiku mmoja wa Novemba senene wakashuka, majirani wamewasha taa nje wanajaza ndoo, sisi tumekaa na kibatari kama tuko msibani. Mimi jibu nilikuwa nalo kichwani zamani.

Nikaanza na mafumbo. "Humu ndani siku hizi kuna watu hawalali." Wifi akawa anazima televisheni mapema, umeme ukaendelea kukata. Siku moja uzalendo ukanishinda, nikasema mbele ya kaka yake: "Kabla hujaja, umeme ulikuwa unatosha." Hakujibu. Asubuhi yake akafunga begi, akaenda kwa shangazi yao Omurushaka.

Mume wangu hakugomba. Afadhali angegomba, ningejua pa kumshika. Siku nne anakula, anasema asante, anageukia ukutani. Wanandoa wenzangu ukimya wa namna hiyo mnaujua, bora kelele.

Sasa sikia. Wifi hayupo, tamthilia hakuna, na bado saa 2 usiku giza! Mtuhumiwa kaondoka, wizi unaendelea. Hapo ndipo nilipoanza kusikia baridi tumboni. Nikaita fundi.

Fundi alikuja saa 6 mchana, jua la utosi. Akasoma kwenye kontrola umeme unaoingia kutoka juu, akalinganisha na namba iliyoandikwa siku ya kufunga. Nusu tu! Akaniuliza: "Mama, usiku huwa husikii kitu kinakimbia juu ya bati?" Nasikia kila siku. Mimi nilidhani ni majani ya mgomba.

Akaegemeza ngazi, akaingiza fimbo chini ya paneli. Yakatoka majani makavu, manyoya, nyuzi za kiroba na kipande cha soksi yangu. Shomoro walikuwa wamejenga upande mmoja, na kinyesi chao kimeganda juu ya paneli mbili. Upande wa pili panya wamefanya maskani, na waya mmoja umetafunwa mpaka shaba inaonekana. Nilishika kiuno, maneno hakuna.

Kwa nini pale? Fikiria kama panya. Kati ya bati na paneli kuna nafasi kama upana wa kiganja. Kuna kivuli mchana, kuna joto usiku, mvua haiingii, paka hafiki. Hiyo ni gesti ya bure. Tena panya usimdharau. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza kwa kazi yake Kambodia. Ukoo wenye vichwa vya namna hiyo utashindwa kuona njia ya kupanda kwenye bati lako?

Kuhusu kinyesi, fundi alinipa mfano wa mpira wa maji. Vile vipande vya kwenye paneli, seli, vimeunganishwa kwa mstari. Ukikanyaga mpira sehemu moja, maji yanapungua mpaka mwisho. Seli moja ikifunikwa, inazibana na wenzake, na yenyewe inapata moto hadi inaweza kuungua. Na panya meno yake ya mbele yanakua maisha yote, lazima atafune kitu ayapunguze. Waya wenye shaba wazi ukigusa bati unaweza kupiga cheche, na jirani yake kuna kiota kikavu. Kwa maneno mengine, mimi na mzee wangu tulikuwa tumenuniana chini ya kiberiti.

Kama na wewe una sola, au mnapanga kufunga na mchumba wako, shika haya:

1. Mtoe mgeni kwanza, ndipo ufunge mlango. Kwenye kiota kukiwa na makinda, subiri waruke. Ukiwafungia watafia mle, na harufu utaisikia sebuleni. Vaa glavu na barakoa, lowesha kinyesi kabla ya kukiondoa. Ukifagia kikavu, lile vumbi lina magonjwa na utalivuta lote.

2. Zima kabla ya kugusa. Paneli haina usingizi mchana, kukiwa na mwanga tu inatoa umeme, hata ukizima inveta. Waya uliotafunwa mwachie fundi. Nakuhitaji uje usome ukurasa huu mwezi ujao.

3. Ziba kwa wavu, usizibe kwa mbao wala magunia. Paneli inahitaji hewa chini yake. Inapimwa kiwandani ikiwa na nyuzi joto 25, na kila nyuzi inayozidi hapo inapunguza umeme kwa karibu asilimia 0.3 hadi 0.4. Ikifika nyuzi 65, umepoteza asilimia 12 hadi 16. Wavu wa chuma usioshika kutu ndio dawa, kuzunguka pande zote. Matundu ya milimita 12 yanazuia ndege na panya wakubwa, ila vile vipanya vidogo vinataka matundu yasiyozidi milimita 6. Sisi watu wa kahawa nyavu tunazifahamu, mezani tunaanikia nini? Angalia tu matundu yake. Funga kwa klipu zinazobana fremu. Usitoboe fremu, unaweza kupoteza garanti.

4. Wanyime ngazi. Kata migomba na matawi yanayogusa nyumba, acha nafasi ya mita moja na zaidi, maana panya anaruka. Nyaya zisining'inie, zipitishe ndani ya bomba. Mahindi na maharage yawe kwenye vyombo vyenye mfuniko. Usimkaribishe mtu chakula halafu ulalamike kalala.

5. Sumu hapana. Panya aliyekula sumu hachagui pa kufia. Akiliwa na paka wako au kuku wa jirani, kesi nyingine. Hata bundi anaweza kufa. Najua ukimsikia bundi unatema mate, lakini ndiye anayekula panya usiku kucha bila kukudai hata shilingi.

Na kuna hili la maji, ambalo ndilo lililoniuma zaidi. Huku kwetu nyumba nyingi zinakunywa maji ya mvua. Kinachoanguka kwenye bati kinapita kwenye gata, kinaingia kwenye simtanki, kinaishia kwenye glasi yako. Mara ngapi tumbo lilitusumbua nikalaumu dagaa! Siku hizi mvua ya kwanza baada ya ukavu tunaimwaga yote, gata tunaisafisha, na maji ya kunywa tunachemsha. Kila mwezi mzee wangu anaweka ngazi anachungulia, mimi nasoma namba kwenye kontrola saa 6 mchana na kuiandika kwenye daftari. Ikianza kushuka tunajua mapema.

Wavu ulifungwa, waya ukabadilishwa, paneli zikaoshwa asubuhi zikiwa bado za baridi. Usiku ule taa ziliwaka mpaka tukazizima wenyewe. Ndugu yangu, sikuwahi kuona mwanga unaouma macho kama ule.

Jumamosi nikapanda gari la Omurushaka. Njiani nilikuwa napanga maneno: kama nilikukosea, kama uliumia. Nikafika, nikamkuta shangazi amekaa naye, nikaona hayo ya "kama" nayaacha stendi. Nikasema: "Wifi, nimekukosea. Nilikusema mbele ya kaka yako kwa kitu ambacho hukufanya. Nisamehe."

Akaangalia chini. Akasema: "Wifi, ungeniuliza tu. Mimi nilikuwa nazima mpaka taa ya chumbani. Simu nilikuwa nachajisha dukani, nalipia."

Yaani mtoto wa watu hana ajira, anatoa vijisenti vyake kuchajisha simu dukani, na kwetu kuna paneli 4 juu ya bati. Nililia, shangazi akaniletea kahawa.

Amerudi. Tamthilia tunaangalia wote, hata mimi nimenogewa, sitaki kusikia la mtu. Mzee wangu naye akaanza kuongea, kidogo kidogo, kwanza habari za bei ya kahawa, halafu za kwetu. Usiku mmoja aliniambia neno moja tu: "Siku nyingine, mke wangu, tupande juu kwanza."

Msomaji wangu, kuna kitu kinapungua kwenu siku hizi? Hela, hamu, usingizi? Umeshapata wa kumlaumu, tena ni ndugu wa mwenzio? Tafuta ngazi kwanza. Ukikuta kweli ni yeye, ongea naye faragha. Ukikuta ni panya, nauli ya kwenda kuomba radhi utakuwa umeiokoa.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Mwambie na mwenzio asome.