Oili ya Gia Ikishamwagwa Huenda Wapi?

Katika gereji za Igoma, upande wa mashariki wa Jiji la Mwanza kando ya barabara iendayo Musoma, kubadili oili huitwa "kumwaga oili". Wapo pia wenye magari waifanyao kazi hiyo wenyewe uani, nao wastahili pongezi, kwani mtu aijuaye mashine yake huitunza. Lakini neno hilo "kumwaga" lina swali ndani yake: imwagwe wapi? Rai ya makala haya ni kwamba kazi haikwishi nati inapokazwa, bali oili chafu inapofika mahali salama. Na kwamba wauzao oili wapaswa kuwa wa kwanza kuipokea.

Yafaa kwanza tuone kwa nini oili ya giaboksi na ya difu hubadilishwa. Kwa kuwa humo hamna mafuta yanayoungua kama katika injini, wengi hudhani oili yake ni ya milele. Sivyo. Katika magari mengi yasukumwayo na magurudumu ya nyuma, meno ya gia za difu huteleza huku yamebanana kwa nguvu nyingi, na oili tupu ingekamuliwa ikatoka kati yake. Ndiyo sababu hutiwa viambato vya salfa na fosforasi, ambavyo kwa joto la msuguano huungana na chuma na kufanya utando mwembamba uzuiao meno yasikwaruzane. Viambato hivyo hupungua kadiri gari linavyotembea, na vumbi la chuma huongezeka. Palipo na nati yenye sumaku, vumbi hilo huonekana kwa macho.

Atakayeifanya kazi hii nyumbani hana budi kuliweka gari mahali tambarare, kuyazuia magurudumu kwa mawe, wala asilale kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Aanze kufungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. La sivyo, nati ya juu ikikataa kufunguka, gari litabaki uani bila oili. Aghalabu oili mpya hutiwa hadi ifike ukingo wa tundu la kujazia. Tena asichanganye aina: oili iandikwayo GL-5, ifaayo difu nyingi, ina viambato vingi zaidi, na baadhi yake huweza kuzila pete za shaba za giaboksi iliyokusudiwa GL-4. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi.

Sasa tulitazame beseni lililojaa chini ya gari. Tuseme lina lita 4, za giaboksi na difu ya gari dogo la mizigo. Kwa desturi, oili chafu hupakwa mbao kuzuia mchwa, hunyunyizwa vumbini, au humwagwa mtaroni. Mvua ikinyesha, sehemu yake huchukuliwa na maji, na maji ya Igoma hayana pa kwenda ila Ziwa Victoria.

Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1774, Benjamin Franklin alieleza jinsi kijiko cha chai cha mafuta kilivyotandaa katika bwawa la Clapham, karibu na London, hadi kufikia kiasi cha nusu ekari. Mwanafunzi na apige hesabu yetu: lita 4 ni meta za ujazo 0.004. Zikitandaa kwa unene wa milimita 0.001, zitafunika meta za mraba 4,000, yaani zaidi ya nusu ya kiwanja cha mpira chenye meta 105 kwa 68.

Huenda mtu akasema kwamba hicho si kitu mbele ya ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800. Jibu ni kwamba oili haigawanyiki sawasawa ziwani kote. Hufikia kwanza ufukoni, penye kina kifupi, ambapo samaki wachanga hukulia na watu huteka maji. Hata maji ya bomba ya Mwanza huvutwa ziwani, kwa mfano Capri Point. Isitoshe, sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili hutoka kwa kugeuka mvuke, si kwa Mto Nile. Na oili nzito ya gia haipandi hewani pamoja na mvuke huo.

Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 huyataja mafuta ya madini yaliyochakaa miongoni mwa taka zinazohitaji uangalizi. Lakini mkataba hauna pipa pale Igoma. Nchini Ujerumani, sheria humlazimu amwuziaye mtumiaji oili ya injini au ya gia kupokea bila malipo kiasi kile kile cha oili chafu. Twaweza kuiga: kila duka la oili liwe na pipa lenye kifuniko, na Halmashauri ya Jiji ihakikishe kwamba mapipa hayo huchukuliwa. Kumwambia mwananchi asimwage oili bila kumwonyesha pa kuipeleka ni kumpa nusu ya somo.

Nusu nyingine walimu waweza kuianza kesho, kwa sinia la maji, unga laini juu yake, na tone moja la mafuta ya kupikia. Mwanafunzi akiisha kuona tone hilo likiusukuma unga pembeni, atauliza mwenyewe kuhusu beseni la uani kwao.