Mbwa darasani? Kwani kuna ubaya gani!

Juzi hosteli tulibishana: mwanafunzi asiyeona akiwa na mbwa wa kumwongoza, aingie naye darasani? Wengi walicheka. Eti mbwa kazi yake kulinda nyumba! Jamani, panya Magawa alifunzwa Morogoro, akanusa mabomu Kambodia, akapewa medali ya dhahabu mwaka 2020. Tukajisifu weee! Sasa mbwa aliyefunzwa ndo atutie kinyaa? Anayemwogopa akae safu nyingine. Kwa sasa asiyeona anashika bega la mshkaji. Mshkaji akiugua, kipindi kimempita. Na mvua za Tukuyu na mitaro yake mnaijua. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, inampa haki ya kusoma. Sisi walimu watarajiwa tukimfungia mlango, tutamfundisha nani? Naomba kuwakilisha.